Nimemeza dozi ya vidonda vya tumbo mara tatu, mbona vinarudi?

Msomaji wetu, mama wa miaka 43 anayeuza ndizi soko la Kilombero, Arusha, ameandika hivi:

"Daktari, shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu nasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Panachoma hapa kwenye chembe ya moyo, hasa usiku wa manane, nikila kidogo panatulia. Nimepima damu mara nne, kila mara naambiwa bado nina H. pylori. Nimeshameza lile kasha la dawa mara tatu, natulia mwezi mmoja au miwili, halafu yanaanza upya. Nimeacha pilipili, maharage, hata machungwa. Nakunywa maziwa kabla ya kulala na juisi ya kabichi asubuhi. Mgongo nao unaniuma kwa kubeba mikungu, kwa hiyo diklopa hazikauki kwenye pochi. Mume wangu naye ameanza kulalamika tumbo. Je, hivi vidonda vinapona kweli, au ndiyo mpaka vigeuke kansa?"

Marahaba dada, na pole sana. Vinapona. Ila katika maelezo yako kuna mambo mawili, na kila moja peke yake lingetosha kukurudisha pale pale: hicho kipimo cha damu unachokirudia, na hizo diklopa kwenye pochi. Pilipili umeionea bure.

Kabla ya yote nikuulize: choo chako kina rangi gani? Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya kuliko kawaida, hiyo ni damu iliyovuja kutoka kwenye kidonda na kupikwa na tindikali njiani. Ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, ni damu hiyo hiyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakina ile harufu. Ukiona dalili hizo, au ukawa unaona kizunguzungu kila unaposimama, moyo unakwenda mbio na viganja vimepauka, usisubiri kesho: nenda hospitali yenye damu ya kuongezea na wodi ya upasuaji. Usipande bodaboda, unaweza kuzimia ukiwa nyuma ya dereva. Tafuta gari, ulale. Na maumivu yakija ghafla kama umechomwa kisu, tumbo likakakamaa kama ubao na hutaki hata kuguswa, huenda kidonda kimetoboka. Hapo usile, usinywe, usimeze dawa yoyote. Ni kazi ya daktari wa upasuaji, na kila saa inayopita ina gharama yake.

Kama hayo hayapo, twende taratibu.

Tumbo linatengeneza tindikali kali kuliko ya ndimu. Haliungui lenyewe kwa sababu ndani limepakwa ute mzito, unaoteleza kama bamia iliyopikwa, na chini ya ute huo kuna kemikali inayoizima tindikali kabla haijafika kwenye nyama. Ute ukipungua au ukitobolewa, tindikali inaanza kuula ukuta. Mwanzo ni mchubuko tu. Ukichimba ukapita tabaka la ndani, kwa upana wa nusu sentimita au zaidi, ndipo tunasema kidonda. Vingine vinakaa kwenye mfuko wenyewe wa tumbo, vingine kwenye duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni.

Maumivu ya usiku wa manane yanayotulizwa na chakula yanafanana zaidi na ya duodenamu. Kidonda cha tumboni mara nyingi huuma punde baada ya kula, mpaka mtu anaogopa sahani na kuanza kukonda. Lakini dalili hizi zinaingiliana mno. Wapo wenye kidonda kikubwa wasiosikia kitu mpaka siku kinapovuja damu, hasa wazee na wanaomeza dawa za maumivu kila siku. Na wapo wengi, pengine wengi zaidi, wanaosema "nina vidonda" ilhali kamera ikiingia haioni kidonda: ni kiungulia, ni tumbo lenye hisia kali, au ni mawe ya nyongo, ambayo huuma upande wa kulia chini ya mbavu baada ya nyama ya mafuta. Neno "vidonda vya tumbo" limekuwa gunia la kila maumivu ya hapo kati. Mtu wa makamo mwenye kisukari au presha, akibanwa kwenye chembe huku anatoka jasho jembamba na kukosa pumzi, apimwe moyo kwanza.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini kidonda kinaletwa na mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1982, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aliyejikunja kama parafujo, aliyekuwa anaishi kwenye ute wa tumbo. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa supu ya bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likawa limevimba kwa ndani na anatapika. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli. Bakteria huyo ndiye Helicobacter pylori unayemsoma kwenye majibu yako. Anaishi ndani ya tindikali kwa ujanja mmoja: ana kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, na amonia inaizima tindikali inayomzunguka. Anachimba kwenye ute kwa mikia yake na kukaa chini huko, akileta uvimbe usiokoma.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Watu wazima wengi wa nchi yetu wanaye bakteria huyu, wengi walimpata utotoni. Kati ya 10 walio naye, ni mmoja au wawili tu watakaopata kidonda maishani. Kwa hiyo kumkuta kwenye kipimo si sawa na kukuta kidonda.

Na kipimo cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta askari ambao mwili ulitengeneza ulipokutana naye. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya adui kufa. Ndiyo maana umepima mara nne na mara zote nne umeambiwa "bado". Huenda dozi ya kwanza ilikwisha kumwua, ukameza nyingine mbili bure. Huenda pia yupo kweli. Kipimo cha damu hakiwezi kukuambia lolote kati ya hayo mawili, na kukirudia baada ya dozi ni kutupa pesa.

Chanzo cha pili kinaitwa diklofenaki. Diklopa ni diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli. Ibuprofeni, asprini, indomethasini, piroksikamu na meloksikamu ni ukoo mmoja. Dawa hizi zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ya uvimbe, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoliamuru tumbo litengeneze ute na kulipelekea ukuta wake damu. Ukiizuia mgongoni, umeizuia na tumboni. Kwa hiyo kumeza baada ya kula hakukulindi kama watu wanavyodhani, na sindano ya diklo makalioni haikwepi tumbo, kwa sababu madhara yanafika kwa njia ya damu. Mtu akiwa na bakteria na akawa anameza dawa hizi, hatari ya kuvuja damu inapanda kuliko akiwa na kimoja tu. Akiongeza prednisoloni au pombe, inapanda tena.

Hapa kwetu tatizo hili lina mzizi wake. Maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Tunaona meno ya kahawia, lakini wapo ambao floraidi imefika mpaka kwenye mifupa, wanaumwa magoti na mgongo miaka nenda rudi. Weka juu yake mikungu ya ndizi, na mashamba ya mteremkoni ya Kilimanjaro, halafu duka la dawa kila kona linalouza diklopa nne nne kwenye karatasi. Hivyo ndivyo vidonda vinavyotengenezwa.

Basi wewe ufanye nini.

Leo, acha diklopa na ndugu zake wote. Mgongo utulize kwa parasetamoli ya peke yake: vidonge 2 vya miligramu 500, mpaka mara 4 kwa siku, usizidishe vidonge 8 kwa saa 24; kama ini lina shida au unakunywa pombe mara kwa mara, kiwango chako kiwe chini ya hapo, muulize daktari. Kitambaa cha maji ya moto, gel ya kupaka, na kuugawa mkungu badala ya kuubeba mzima ni tiba pia. Kama kuna mtu nyumbani anameza asprini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo au kiharusi, huyo asiache mwenyewe. Akamwone daktari aliyemwandikia, awekewe dawa ya kulinda tumbo.

Kisha omba kipimo sahihi. Kipo cha kinyesi kinachotafuta bakteria wenyewe, kinaitwa cha antijeni, na kipo cha pumzi: unameza urea, ukisubiri kidogo unapuliza kwenye mfuko, na kama bakteria wapo wanaivunja na alama yake inatoka kwenye pumzi. Cha kinyesi kinapatikana kirahisi zaidi. Unahitaji kiasi kama punje ya haragwe, kisichochanganyika na mkojo, ukipeleke siku hiyo hiyo. Uliza wazi mapokezi: "Hiki ni cha kinyesi cha antijeni, siyo cha damu?" Wakisema ni cha damu, omba uelekezwe kwingine.

Wengi wanaharibu kipimo hiki kabla hakijafanyika. Dawa za kupunguza tindikali, yaani omeprazoli, pantoprazoli, esomeprazoli na lansoprazoli, hupunguza bakteria bila kuwamaliza, wakajificha na jibu likaja "hakuna" kwa uongo. Ziache siku 14 kabla ya kupima. Antibaotiki yoyote, hata ile ya kikohozi au ya mkojo, pamoja na dawa yenye bismuthi, ziache siku 28. Katika siku hizo tafuna vidonge vya magnesiamu vya kuzima tindikali, 1 au 2, saa moja baada ya kula na wakati wa kulala. Hivyo haviharibu jibu. Lakini usiache omeprazoli huku bado unameza diklofenaki. Hapo utakuwa umevua nguo mbili kwenye baridi moja.

Kwa umri wako, miaka mitatu ya maumivu na dozi tatu zilizoshindwa, mimi nisingekurudisha kwenye kasha la nne kabla ya kamera ya tumbo, endoskopi. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanafanya, ni mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka kwako. Anzia hospitali ya Mount Meru au kituo unachotibiwa upate rufaa. Watu wanakiogopa kipimo hiki kupita kiasi. Unakwenda hujala wala kunywa kwa muda utakaoambiwa, kawaida saa 6 hadi 8. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipande cha plastiki, na mpira mwembamba kama kidole unapitishwa. Utajihisi kutaka kutapika, utabeua sana, mate yatamwagika, na mara nyingi kwa robo saa wamemaliza. Daktari anaona kidonda kwa macho, anapima ukubwa, ananyofoa vipande vidogo vya nyama (husikii maumivu), kimoja cha kumtafuta bakteria, vingine vya kuangalia saratani. Ukitoka, usinywe hata maji mpaka ganzi iishe, la sivyo yatapita njia ya hewa.

Tukija kwenye dozi yenyewe, hapa ndipo watu wengi wanaangukia.

Dozi ya kawaida ni omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote asubuhi na jioni, siku 14. Mwenye mzio wa penisilini hubadilishiwa amoksilini kwa metronidazoli. Hesabu vidonge vyako kabla hujatoka dirishani: omeprazoli 28, klarithromaisini 28, amoksilini za miligramu 500 ziwe 56. Jumla 112. Ukipewa amoksilini 21 za "moja kutwa mara tatu", hiyo ni dozi ya kifua. Nayo makasha mengi yanayouzwa ni ya siku 7. Mtu anamaliza kasha, anaambiwa amepona, kumbe yuko nusu ya safari. Angalia ubavuni mwa kasha lako la zamani, nina wasiwasi utakuta 7.

Sababu nyingine ni usugu. Klarithromaisini na wenzake hutumika ovyo kwa kikohozi na mafua, bakteria wakazoea. Ukishatumia dozi yenye klarithromaisini ikashindwa, kurudia hiyo hiyo ni kupiga ukuta ngumi. Wewe umeirudia mara tatu. Kama kipimo sahihi kitaonyesha bakteria bado wapo, muulize daktari kuhusu dozi ya dawa nne: omeprazoli mara mbili kwa siku, bismuthi mara nne, tetrasaiklini miligramu 500 mara nne, na metronidazoli mara tatu au nne, kwa siku 14. Doksi (doksisaiklini) ya duka la karibu si mbadala mzuri wa tetrasaiklini hapa. Wengine huandika levofloksasini. Ni dawa ya kutunza, kwa sababu inatumika pia kwa kifua kikuu sugu, na ikimezwa na mtu mwenye kifua kikuu kisichojulikana inaweza kukificha.

Dozi ya dawa nne inataka saa. Kwa ratiba ya mtu wa soko ingekuwa hivi. Saa 11 na nusu alfajiri, omeprazoli na maji matupu. Saa 12 asubuhi kifungua kinywa, kisha bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli na glasi nzima ya maji. Hapo chai iwe ya rangi, siyo ya maziwa: maziwa, mtindi, vidonge vya kuongeza damu na magnesiamu vinaikamata tetrasaiklini tumboni isifyonzwe. Loshoro nayo, kwa kuwa ina maziwa, iache mpaka saa 2 zipite. Saa 6 mchana, baada ya ugali au ndizi, zile tatu tena. Saa 12 na nusu jioni omeprazoli, saa 1 chakula, halafu zile tatu. Kabla ya kulala, bismuthi na tetrasaiklini, na metronidazoli kama umeandikiwa mara nne. Ukae wima nusu saa ndipo ulale, kwa sababu tetrasaiklini ikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula kifuani, inachoma, ukaondoa kidonda huku na kuanzisha kingine kule.

Omeprazoli lazima itangulie chakula. Inazima pampu za tindikali zile tu zilizoamka, na zinaamshwa na mlo; ukiimeza umeshiba au unapokwenda kulala, nusu ya kazi imepotea. Usifungue kidonge ukasaga zile chembe za ndani, tindikali itaiharibu kabla haijafika inapofyonzwa.

Utakutana na ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, pengine choo laini, na kwa bismuthi ulimi na choo cheusi. Vumilia, havidhuru. Kuacha siku ya tano kwa sababu "zinanichosha" ndiko kunakozaa usugu. Lakini ukitoka vipele mwili mzima, midomo ikavimba au kifua kikabana, acha mara moja na uende hospitali. Mwenye mimba asiguse tetrasaiklini. Wanaomeza dawa za kifafa, za kolesteroli au za moyo wamwambie daktari, klarithromaisini inagombana na nyingi. Na mbege, konyagi na bia ziwekwe kando tangu siku ya kwanza mpaka siku 3 baada ya dozi kuisha: metronidazoli ikikutana na pombe inaweza kukutapisha na kukupandisha mapigo ya moyo.

Antibaotiki zikiisha, kidonda bado hakijafunga. Endelea na omeprazoli moja kila asubuhi mpaka wiki 4 zitimie tangu uanze kama kidonda kilikuwa cha duodenamu, wiki 8 kama kilikuwa cha tumboni. Ukiacha, unaweza kupata kiungulia kikali siku kadhaa, hata wiki mbili. Si kidonda kimerudi; ni tumbo lililozuiwa muda mrefu linaachia tindikali kwa fujo. Wengi hukimbilia kasha jipya hapo. Tafuna magnesiamu, subiri.

Kipimo cha kuthibitisha kinafanyika wiki ya 6 tangu uanze dozi kwa wa duodenamu: antibaotiki zitakuwa zimepita siku 28 na omeprazoli siku 14. Wa tumboni ni wiki ya 10. Kinyesi au pumzi, siyo damu. Hatua hii karibu kila mtu anairuka. Kidonda cha tumboni kinastahili pia kuangaliwa tena kwa kamera, maana kingine huonekana kidonda kumbe ni saratani iliyoanza.

Hilo linanileta kwenye hofu yako. Kidonda cha duodenamu kugeuka kansa ni nadra mno. Kwa tumbo ni habari nyingine: tangu 1994 Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa limemweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa sababu uvimbe wa miongo mingi hubadilisha ukuta. Ila ni wachache kati ya walio naye wanaofika huko. Dalili za kutopuuza ni kukonda bila sababu, kutapika chakula ulichokula jana, kushiba kwa matonge mawili, damu kupungua, na chakula kukwama kifuani. Hii ya mwisho naisisitiza kwa watu wa ukanda huu, kwa sababu saratani ya umio ni ya kawaida Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi humeza dawa za vidonda miezi huku ugali umeshaanza kukwama. Na chai iache ipoe kidogo. Kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 kinashukiwa kuuchoma umio mpaka kuleta saratani, na chai ya kwenye chupa asubuhi ya baridi ya Arusha mara nyingi iko juu ya hapo.

Kuhusu chakula, rudisha maharage. Yanaleta gesi, hayatoboi tumbo. Yaloweke usiku kucha na umwage maji yale. Machungwa na pilipili vinaweza kuwasha kidonda kilicho wazi, hivyo fuata mwili wako: kinachokuuma kiache kwa sasa, kisichokuuma kula. Mtori ni rafiki kwa wiki ambazo tumbo ni bichi, lakini si dawa. Sigara ni adui wa kweli, inachelewesha kidonda kufunga. Maziwa ya usiku yanakudanganya: yanatuliza nusu saa, halafu protini na kalsiamu yake vinaliamuru tumbo limwage tindikali zaidi, ukaamka saa 8 usiku panachoma. Magadi au baking soda kwenye maji, wengine hufanya hivyo, yanajaza gesi na chumvi, mabaya kwa mwenye presha.

Juisi ya kabichi ina historia yake. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Marekani, Garnett Cheney, aliandika kwamba iliharakisha kupona kwa wagonjwa wake 13. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 30 kabla bakteria hajajulikana, na wagonjwa 13 ni wachache kuliko foleni ya asubuhi ya zahanati. Kama inakushukia vizuri, kunywa, ila isiwe badala ya dozi.

Mume wako apimwe kwa sababu anaumwa, siyo kwa sababu wewe una jibu la "bado". Naye apime kinyesi, na umwulize anachomeza kwa maumivu. Huenda mnachangia pochi. Bakteria huyu anapita kwa mdomo, matapishi na kinyesi, zaidi ndani ya familia na zaidi utotoni. Kunawa kwa sabuni na maji safi vinasaidia. Kumtafunia mtoto chakula na kumlisha, desturi ambayo bado ipo kwa bibi zetu, ni njia ya moja kwa moja ya kumpa. Watoto wasiolalamika tumbo usiwapime wala usiwape dawa.

Ukienda kwa daktari, beba makasha matupu ya dozi zote tatu na karatasi ya kila ulichomeza kwa ajili ya mgongo miezi 6 iliyopita. Kama makasha umeyatupa, rudi kwenye duka uliponunua uwaombe wakuandikie majina na idadi ya siku. Bila hayo majina, daktari atakuandikia dozi ya nne kwa kubahatisha.